Anwani Husomwa Kutoka Mwisho

Wahenga waliposema ndege mjanja hunaswa na tundu bovu, hawakuwa wakiwacheka ndege wajinga. Ndege mjinga huogopa hata kivuli cha mtego. Huruka zake akaishi. Anayenaswa ni yule aijuaye mitego yote kwa majina, anayeuona ubovu wa tundu akacheka, kisha akaingia kulikagua.

Msichana mmoja wa miaka kumi na minne alikuwa ndege wa namna hiyo. Nyumbani walimwita Profesa. Yeye ndiye aliyewajazia majirani wa ghorofa ya tatu fomu zao zote, na ukimuuliza jambo la mtandao alikujibu kabla hujamaliza swali. Mwaka huo alichaguliwa kuingia shule ya ufundi: nafasi sitini, waombaji elfu moja na ushee. Kilichobaki ni kuithibitisha nafasi yake kwenye tovuti ya shule kabla ya saa sita kamili mchana, siku ya Ijumaa. Asiyethibitisha, nafasi yake angepewa mwingine.

Barua ya shule yenye anwani ya tovuti ilikuwa kabatini, chini ya vyeti. Saa nne asubuhi ya Ijumaa hiyo, mwanafunzi mwenzake aliyeitwa Kasuku, kwa kuwa alisambaza kila ujumbe bila kuusoma, alimtumia kiungo: "Thibitisha hapa, haraka kabla mtandao haujalemewa!" Profesa akakibonyeza. Ukurasa ukafunguka na nembo ya shule, rangi za shule, hata picha ya mwalimu mkuu akitabasamu. Juu kabisa palikuwa na alama ya kufuli. Akaandika namba yake ya udahili na neno lake la siri, akabonyeza "Wasilisha." Ukurasa ukamwambia "Asante." Basi.

Saa tano na dakika kumi mama yake alirudi kutoka zamu ya alfajiri. Alikuwa mpanga barua posta, mwaka wa kumi na tisa huo.

"Umeshathibitisha?"

"Zamani, mama. Dakika mbili tu."

"Risiti iko wapi?"

"Mambo ya mtandao si ya posta, mama."

"Hee! Jambo zito hivyo wasikupe hata namba? Sisi barua ya rejista tunaitolea risiti hata kama ndani kuna picha ya mbuzi. Hebu nione ulikoituma."

Profesa aliguna, akampa simu. Mama akavaa miwani na kuisoma anwani polepole: https://shule-ya-ufundi.usajili.fomuchapu.com/thibitisha.

"Unaona?" Profesa akasema. "Shule ya ufundi. Imeandikwa mwanzoni kabisa."

"Mwanzoni ndiko anakoanzia mgeni wa posta. Sisi bahasha tunaisoma kutoka chini. Kwanza nchi, halafu mji, halafu mtaa. Jina la mtu mwisho. Nikiandika 'Kwa Mtukufu Mfalme' juu, halafu chini nikaweka mtaa wetu, barua itafika ikulu?"

"Itakuja kwetu," Profesa alijibu, akaichukua simu na kuisoma anwani upya.

Haya yote aliyajua. Alifundishwa darasani na mtihani wake alipata zote. Kompyuta hazijuani kwa majina bali kwa namba. Ukiandika anwani, simu huuliza kwanza orodha kubwa ya majina: huyu anakaa namba ngapi? Ile https na mikwaju yake miwili, yaani vile vijistari vya mshazari, husema tu barua isafiri vipi. Jina lenyewe huishia kwenye mkwaju unaofuata, nawe hulisoma kwa kurudi nyuma. Mwisho kabisa ni .com, kama mji. Kabla yake ni fomuchapu: huyo ndiye mwenye nyumba. Vyote vilivyo kushoto kwake ni vyumba vyake, na mwenye nyumba akitaka kubandika "shule ya ufundi" kwenye mlango wa choo chake, nani atamzuia? Kilicho baada ya mkwaju ni rafu ya ndani tu. Na kufuli je? Kufuli husema bahasha haifunguliwi njiani. Mwizi naye hupokea bahasha zilizofungwa vizuri.

Barua ikatolewa kabatini. Anwani ya kweli ilikuwa usajili.shuleyaufundi.org. Profesa aliiandika herufi kwa herufi. Akaweka neno la siri. Si sahihi. Akaweka tena. Si sahihi.

"Mama, wamelibadilisha."

Mama alikuwa ameshapiga namba ya simu iliyokuwa kwenye barua. Laini ilikuwa na shughuli. Akapiga tena. Mara ya tano karani wa usajili akapokea, akauliza namba ya udahili, akaitafuta.

"Nafasi hii imekataliwa tangu saa nne na nusu. Hapa imeandikwa, mwanafunzi hataki."

"Si mimi!" Profesa akapiga kelele pembeni. "Nataka! Nataka jamani!"

"Leo kila mtu anasema 'si mimi.' Kuna watu wanazikataa nafasi za wenzao ili wawauzie walio kwenye orodha ya kusubiri. Naizuia yako hadi saa sita. Njoo na mzazi na vyeti halisi. Ikipita dakika moja, mimi mkono wangu haumo."

Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tano. Mama alishuka ngazi na sare yake ya kazi, bahasha ya vyeti kwapani. "Kimbia, Profesa! Elimu haina miguu!" Profesa hakucheka. Kila taa ya barabarani iliwaka nyekundu wakifika; mtaa wa mwisho ulikuwa umechimbwa kwa ajili ya mabomba, wakapita juu ya ubao mmoja kama sisimizi.

Walifika zimebaki dakika tisa. Dirishani palikuwa na foleni ya watu kumi, na Profesa alipowatazama akawatambua: bingwa wa hesabu, kiranja mkuu, yule aliyewarekebisha hata walimu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushika mkia darasani.

"Walioshika mkia walinipigia kuuliza," karani alisema bila kuinua kichwa, akigonga mihuri. "Saa hizi wako kwao wanakula. Anayefuata!"

Foleni ilisogea kwa unyayo. Dakika nne. Mbili. Profesa alifika dirishani zimebaki sekunde hamsini. Karani akatazama cheti, akatazama uso, akatazama cheti tena. Muhuri ukashuka. Kisha dirisha likafungwa, puu!

Profesa alikuwa bado anavirudisha vyeti kwenye bahasha, ndipo msichana mwingine alipoingia mbio, kiatu kimoja mkononi, vyeti vikimpeperuka. Alikuwa mshindi wa kwanza wa mashindano ya kompyuta ya wilaya nzima. Akaligonga dirisha. Akaligonga tena. Halikufunguka.

Hapo hapakuwa na la kuuliza. Tundu lilikuwa bovu kweli, bovu la kuonekana na mpanga barua. Nalo halikunasa wajinga, kwa maana anayenaswa na tundu bovu ni ndege mjanja.