Kiota Chenye Shingo

Paukwa!

Pakawa.

Wa nyuma nao wameitika? Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale, ukingoni mwa mto, palikuwa na mgunga. Juu ya mgunga huo Mwalimu Mnana, ndege wa manjano, aliwafundisha makinda kufuma viota. Kacha-kacha, kacha-kacha. Nyasi zikaingia huku, zikatokea kule.

Kinda mmoja, Chapuo, alifuma kiota chenye madirisha mawili. Mwenzake, Kikindu, akafuma kilichopinda kama ndizi. Vyote vikaanguka mtoni, chubwi. Wakacheka, wakaanza upya.

Lakini masika yalikuwa karibu. Masika ndipo mama zao hutaga, na ndipo Nyoka hutoka kwenye matete kutafuta mayai. Mwalimu akaona wanachelewa. Manyunyu ya kwanza yalikuwa yamewatoa kumbikumbi ardhini. Akawakusanya, akasema, "Wanangu, kila kiota kikikamilika, kumbikumbi mmoja mnono."

Basi wakafuma. Kacha-kacha-kacha. Chapuo akamaliza vitatu kwa siku moja. Wengine wakamwiga: ukuta mwembamba, mlango mpana, nipe changu.

Kikindu akauliza, "Mwalimu, nikifuma mlango wenye shingo ndefu, nitapata wangapi?"

"Mmoja, mwanangu. Kiota ni kiota."

"Basi shingo ya nini," akasema Kikindu. Akafuma kama wenzake.

Siku ya saba kumbikumbi wakaisha. Makinda wakakaa tawini.

"Leo kuna nini?" akauliza Chapuo.

"Leo kuna nyasi nzuri tu," akajibu Mwalimu.

"Basi leo mimi nina usingizi."

Wakati huohuo, sss, sss, Nyoka akapanda mgunga. Akaingia kiota cha kwanza. Akajikunja humo, akajikunjua, akachungulia nje.

"Ahsanteni, mafundi," akasema. "Mlango umenienea kama nilipimwa. Mayai yakiwa tayari nitarudi."

Sss, sss, akashuka.

Makinda wakamtazama mwalimu wao. Mwalimu akainamisha kichwa. "Kosa ni langu. Nilihesabu viota, sikutazama milango." Kisha akageuka. "Kikindu, ile shingo yako ulitaka iwe ndefu kiasi gani?"

"Kama mkia wa kima."

"Kwa nini?"

"Nilitaka tu kuona itaning'inia vipi."

"Hata mimi nataka kuona."

Kikindu akaokota unyasi. Chapuo akamtazama kwa jicho moja.

"Tutapewa nini, Mwalimu?"

"Hakuna kitu."

"Hiyo shingo yenyewe imekwenda kombo," akasema Chapuo. "Ielekeze chini, juu ya maji."

"Ielekeze wewe, mjuaji."

Chapuo akashuka kuielekeza. Akasahau usingizi. Huyu akaja na kona, yule akaja na mlango wa uongo. Vikaanguka, chubwi. Wakacheka, wakaanza upya. Kacha-kacha, mpaka kila kiota kikawa na shingo yake.

Mvua kubwa ikaja. Mama wakataga. Na Nyoka akaja, sss, sss. Akazunguka kiota, mlango hauoni. Akauona chini, juu ya mto. Akajinyoosha, akaingiza kichwa shingoni. Shingo ikabembea huku. Ikabembea kule. Nyoka naye huku, Nyoka naye kule.

"Nani kafuma upuuzi huu?" akafoka.

Chubwi. Mto ukaondoka naye.

Jioni hiyo kumbikumbi wakatoka tena. Mwalimu akakamata mmoja mnono kuliko wote, akampelekea Chapuo. Chapuo alikuwa anafuma, mdomo umejaa nyasi.

"Weka hapo, Mwalimu," akasema. "Kwanza nimalize kona hii."

Basi, wanangu, kazi unayoipenda ifanye kwa kuwa unaipenda, nawe utabuni mengi. Na sisi wakubwa, zawadi tutoe, ila tusiiweke mbele ya macho ya mtoto mpaka asiione kazi yenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye shingo ya kiota. Atakayeingia aangalie chini: kuna maji.