Kijiwe cha Pindo la Kitenge

Kitu chema hakihitaji tarumbeta. Wanaokitaka hukifuata pale pale kilipotulia. Asiyeamini na aulize machimboni Salamabila.

Amisa alikuwa muosha mchanga wa dhahabu. Kwa waosha mchanga, macho hutafuta manjano tu, na vijiwe vyekundu vinavyobaki kwenye karai hutupwa kama takataka. Binti yake, Rachelle, aliwahi kuokota kimoja, kikubwa kama punje ya haragwe, akakifunga kwenye pindo la kitenge kwa kuwa kilimpendeza.

Wiki ya harusi ya Rachelle akafika Junior kutoka Kasongo, mchuuzi mwenye ulimi wa asali. Siku tatu alizunguka na pikipiki, nyumba kwa nyumba, akionyesha yakuti nyekundu. Alieleza kwamba wafalme wa kale waliipachika kwenye mataji, kwamba askari waliivaa wakiamini inakinga mwili, kwamba vipande vyake huwekwa ndani ya saa, na kwamba hakuna jiwe gumu kuishinda ila almasi. Amisa akayeyuka. Ili pete ya mwanawe ing'are, alikubali kutoa cherehani iliyowalisha kila mvua ilipofunga machimbo. Rachelle alimsihi asiitoe, lakini mama hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Wakaibeba cherehani hadi kwa sonara, Mzee Fadhili, ili wabadilishane mbele yake. Mzee akakohoa, akaweka mezani jiwe jeupe la machimboni.

“Kama maneno yako iko ya kweli,” alimwambia Junior, “yakuti itakwaruza hii.”

Junior akaisugua yakuti juu yake, shingo upande. Jiwe jeupe halikupata alama. Yakuti yake ndiyo iliyochubuka, maana ilikuwa kipande cha chupa. Ndipo Rachelle, kwa haya, akafungua pindo na kuomba chake nacho kijaribiwe. Sonara akakipitisha mara moja tu, na mfereji mwembamba ukabaki kwenye jiwe jeupe. Akakiinua juani, kikawaka kama kaa.

Wa kwanza kusema alikuwa Junior mwenyewe. “Mama Amisa, munipe ile, mubakie na pikipiki yangu.”

“Mutoto iko na harusi,” Amisa akajibu, ameikumbatia cherehani yake.

Watu waliokuwa kwa sonara walicheka hadi machozi. Jumamosi Rachelle aliolewa na kito chake kidoleni, mama akicheza ndani ya gauni aliloshona mwenyewe, na Jumatatu waosha mchanga wote walikuwa wanapekua upya malundo waliyoyatupa. Jiwe lililozungushwa kwa pikipiki siku tatu liliishia jalalani. Lililokaa kimya kwenye kitenge liligombewa kabla halijanadiwa. Hakika, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.