Siku Kumi za Karani

Mchagua jembe si mkulima, walisema waliotutangulia. Anayelikataa hili kwa kuwa ni zito na kulitupa lile kwa kuwa mpini wake umepinda, huikuta mvua imekatika naye hajapiga hata tuta moja. Methali hii haikuwalenga wakulima peke yao. Ilimfika pia karani mmoja wa masjala ya hospitali, mtu mwungwana na mcheshi, ambaye kwa miaka kumi na mitano aliwaambia wenzake kwamba ndani yake mna hadithi kubwa, amekosa nafasi tu.

Nafasi ikaja. Alichaguliwa pamoja na watu wengine kumi na mmoja kuhudhuria warsha ya uandishi wa hadithi kwa siku kumi. Sharti lilikuwa moja: kila mshiriki akamilishe hadithi yake na kuisoma siku ya mwisho mbele ya wageni. Zitakazopendeza zingechapishwa kitabuni. Karani alikuwa na mama aliyepooza upande mmoja, wa kulishwa na kugeuzwa kitandani. Mkewe alichukua likizo yake yote ya mwaka ili abaki naye.

"Nenda, mume wangu," alimwambia akimfungia begi. "Mama niachie mimi. Wewe kaandike."

Huko warshani alipangwa chumba kimoja na fundi bomba, pande la mtu lenye viganja vigumu kama soli ya kiatu. Siku ya kwanza Karani aliikataa meza ya dirishani kwa kuwa jua lilimpiga machoni. Akahamia ukumbini, jokofu likamvumia masikioni. Akatoka kibarazani, upepo ukampeperushia karatasi. Siku ya pili akaona kalamu yake inavujisha wino. Siku ya tatu akasema kuandika kwa mkono kunamchosha, akaomba kompyuta. Alipopewa, alishinda asubuhi nzima akibadilisha aina ya herufi.

Ratiba ilikuwa kali. Kila asubuhi Mwalimu, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliwaandikisha nusu saa bila kuinua mkono. Kisha chai ya kugugumia, kisha kazi ya mmoja wao ikasomwa na kuchambuliwa bila huruma. Zamu ya Fundi ilipofika aliambiwa hadithi yake ina watu wengi kama kituo cha basi. Alijikuna kichwa, akacheka, na mchana huo akaketi juu ya ndoo ya kufulia akiwapunguza.

"Unaandikaje hapo kwenye ndoo?" Karani alimuuliza.

"Nitakaa wapi tena, ndugu yangu? Meza zote si umeshazimaliza wewe?"

Siku ya sita Mwalimu alimwita Karani pembeni.

"Kazi yako iko wapi?"

"Iko kichwani, Mwalimu. Inaiva."

"Chungu kisicho na moto hakiivishi kitu. Niletee hata ukurasa mbovu. Mbovu tutautengeneza. Mtupu mimi nitaufanya nini?"

Karani aliitikia kwa adabu. Mchana ule alianza hadithi ya daktari. Sentensi ya tatu akamgeuza daktari kuwa mfungwa, kisha mfungwa akawa mjane, kisha karatasi ikaenda jaani. Alihangaika kutoka chumba hadi chumba kama kuku atafutaye pa kutagia.

Siku ya saba, baada ya chakula cha mchana, mkewe alipiga simu.

"Umefika ukurasa wa ngapi?"

"Wa kumi na mbili," uongo ukamtoka laini kama mafuta.

"Mama! Mwanao amefika ukurasa wa kumi na mbili!" mkewe alipaza sauti kwa furaha. Kisha simu ikapelekwa mdomoni kwa mama, na maneno yakaja taratibu, mazito: "Nisomee, mwanangu. Kidogo tu."

Karani akatazama huku na huku chumbani. Juu ya kitanda cha pili zililala karatasi za Fundi, na mwenyewe alikuwa bafuni. Karani akaichukua ya juu, akasoma: "Bomba lilipasuka alfajiri ile ile baba alipotuacha, na mama hakujua alilie lipi kwanza." Akausoma ukurasa mzima.

Kule upande wa pili akamsikia mama akivuta kamasi.

"Sikujua una maneno kama haya ndani yako," mkewe akasema polepole.

Karani aliirudisha karatasi mahali pake. Akaapa kwamba kabla ya jua kuzama atakuwa ameandika yake. Ila kwanza, akajiambia, atafute mahali penye utulivu.

Siku ya kumi ukumbi ulijaa. Karani alipotupa macho mlangoni, moyo ulimpasuka paa! Mkewe alikuwa akiingia. Alikuwa amemwacha mama kwa jirani, akaja bila kumwarifu mumewe, amevaa gauni lake zuri. Akaketi safu ya pili, simu mkononi, tayari kumrekodia mama.

Fundi akaitwa. Akakohoa, akaanza: "Bomba lilipasuka alfajiri ile ile baba alipotuacha..."

Mkono wenye simu ukashuka taratibu. Mkewe akageuza shingo, akamtazama mumewe. Makofi yaliporindima, yeye hakupiga.

"Karani," Mwalimu akaita.

Karani akasimama mikono mitupu. "Sina," akasema, akaketi.

Nje, mkewe hakupandisha sauti. "Kumbe ilikuwa ya Fundi."

"Nilitaka kumfurahisha mama."

"Na yako?"

"Nilikuwa natafuta pazuri pa kuanzia."

"Siku kumi? Mimi siku kumi nimemgeuza mama juu ya godoro lile lile bovu. Mgongo umekatika. Sikungoja godoro jipya, baba watoto."

Kabla hajajibu, Fundi aliwafikia, uso umemchangamka, karatasi zake kifuani. "Shemeji! Umeionaje hadithi yangu?"

"Nzuri sana, shemeji," mke akajibu. "Mama mkwe ameipenda tangu siku ile aliposomewa na mwanawe kwenye simu."

Fundi akamtazama mwenzake wa chumba, na tabasamu likamfutika usoni. Karani aliinamisha kichwa, akalishika begi lake. Ama kweli, mchagua jembe si mkulima.