Sheria ya Vigae

Semeni "tupo", nami niseme "palikuwa".

Palikuwa na ukame. Vuli ilipita bila tone, masika yakaja na ngurumo tupu, na kiangazi kilipoingia mabwawa yote ya nyika yaligeuka matope, na matope yakageuka nyufa. Maji yakabaki mahali pamoja tu, Chemchemi ya Mawe Mawili, nayo ilikuwa ikitoa maji kwa uchoyo, kama mtu anayemwaga chai huku akitazama sukari.

Basi pakawa ni vita. Nyati walikanyaga wenzao. Nyani walioga humo humo walimokunywa. Na Sungura, kwa udogo wake, siku tatu mfululizo alisukumwa akarudi nyumbani na kiu yake.

Simba akaita baraza. Alisimama juu ya jiwe, akatikisa shungi lake la shingoni, akangoja kimya kiwe kimya kweli, maana alipenda kusikilizwa kuliko alivyopenda kusema.

"Kuanzia sasa," akanguruma, "maji ni kwa zamu na kwa kipimo. Mwenye watoto wengi, kipimo kikubwa. Mwenye wachache, kidogo. Nani atanitungia utaratibu?"

Sungura alikuwa na akili nyingi, na ugonjwa wa wenye akili nyingi ni kutaka zionekane. Akaruka mbele.

"Mfalme, ni jambo jepesi. Kila nyumba ifinyange kigae cha udongo. Juu yake mwenye nyumba abonyeze unyayo wake, tumjue ni nani. Atoboe kwa mwiba tundu moja kwa kila mtoto, tujue wako wangapi. Na akandamize jani la mti anakoishi, tujue ni mwenyeji wetu, wageni wa ng'ambo ya mto wasije wakatunywea maji mara mbili mbili."

Simba akafurahi mno. "Hii ndiyo akili! Wewe, Sungura, utakunywa wa kwanza kila asubuhi."

Sungura akavimba kifua. Hapo ndipo Digidigi, mama mwenye miguu myembamba kama vijiti, alipoinua sauti yake ndogo.

"Samahani, mfalme. Tundu la mtoto sawa. Unyayo sawa. Lakini jani? Mimi mwanangu namficha kichakani, na kinga yake ni kwamba hakuna anayejua ni kichaka gani."

Kabla Simba hajajibu, Fisi akajitokeza. Fisi huyu sifa yake ilikuwa tumbo. Lilimtangulia popote alipokwenda. Lakini siku hiyo alikuwa ameoga, na sauti ameilainisha.

"Bi Digidigi, msafi haogopi kuulizwa. Anayeficha ana la kuficha. Mimi kwa upande wangu nitautumikia umma. Nipeni hivyo vigae nivitunze pangoni kwangu, bure, sitaki hata asante."

"Amesema vizuri," Simba akakata shauri. "Fisi ndiye Msajili wa Maji."

Digidigi akamgeukia Sungura, akimwomba kwa macho aseme neno. Sungura alikuwa na neno. Alilihisi kabisa limemkaa kooni. Lakini alikumbuka yale maji ya kwanza ya asubuhi, baridi, kabla ya kwato za nyati kuyavuruga. Akatazama kucha zake.

Sheria ikaanza, na ukweli usemwe: ilifanya kazi. Nyati walipanga foleni. Nyani waliacha kuoga, au walioga wakikemewa. Kila mmoja alipewa kipimo chake akaenda zake, na wengi walimsifu Sungura njiani. Naye alizoea sifa upesi.

Siku ya kumi na mbili Bi Kanga alitoka kwenye zamu yake ya maji akaenda kuyaatamia mayai yake kumi na moja chini ya mgunga. Alikuta maganda.

Siku ya kumi na nne Nungunungu alirudi kutoka kwenye maji akakuta ghala lake la mizizi limefukuliwa hadi kwenye mwamba.

Siku ya kumi na tano, adhuhuri, Digidigi alifika mlangoni kwa Sungura. Hakubisha hodi. Pembeni yake alisimama mwanawe, anatetemeka, sikio moja limechanwa.

"Amepona kwa sababu miiba ilimshika aliyemkamata," Digidigi akasema. "Nilikuwa kwenye foleni, Sungura. Kwenye zamu yangu, kwenye saa yangu, kama sheria yako inavyosema."

"Ni nani? Umemwona?"

"Sikumwona. Lakini nimetazama chini. Mwizi anayetafuta huzunguka. Hunusa hapa, hugeuka kule. Huyu alikuja moja kwa moja mpaka kichakani, kama aliyeelekezwa. Sasa niambie wewe mwenye akili, ni nani alimwelekeza?"

Sungura alilitazama lile sikio, akaona haya mpaka masikio yake mwenyewe, marefu yale, yakalala mgongoni.

"Ni mimi," akasema mwishowe. "Jani lilikuwa wazo langu."

"Basi liondoe," Digidigi akasema, akamchukua mwanawe wakaenda.

Jioni hiyo hiyo Sungura aliomba baraza. Akasimama mbele ya jiwe la Simba akaeleza: mayai, mizizi, sikio. Kila nyumba iliyovamiwa, ilivamiwa wakati mwenyewe yuko kwenye zamu. Na anayejua zamu zote na nyumba zote ni anayeshika vigae.

Fisi akaweka mkono kifuani. "Ee, dunia! Ndiyo malipo ya kutumikia watu! Mfalme, muulize, ushahidi uko wapi? Na tukiliondoa jani, wageni watatumalizia maji. Au Sungura anataka watoto wetu wafe kwa kiu ili kanga atage kwa siri?"

Wengine wakatikisa vichwa. Maana hoja ya maji ilikuwa na uzito, na kiu ni kiu.

"Mfalme," Sungura akasema, "nina swali moja dogo. Kigae chako kiko wapi?"

Vichwa vyote vikamgeukia Simba.

"Changu?" Simba akainuka. "Changu mimi? Niandike kwenye udongo walipolala wanangu, kishikwe na kila mwenye mikono? Nyumba yangu ni siri yangu!"

"Ndivyo alivyosema Bi Digidigi, mfalme. Ila yeye alisema kwa sauti ndogo."

Nyani mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Simba akasikia, na Simba hakupenda kuchekwa hata kwa kikohozi.

"Siku tatu!" akanguruma. "Niletee ushahidi ndani ya siku tatu. Ukishindwa, utakunywa wa mwisho kabisa mpaka mvua inyeshe."

Wote walijua maana yake. Wa mwisho kabisa wakati ule alikuwa anaramba mawe.

Siku ya kwanza Sungura aliketi tu akifikiri, na kiu ikimsaidia kufikiri upesi. Siku ya pili alichukua kipande cha kibuyu akakichonga taratibu mpaka kikawa na umbo la ukwato wa mbuzi. Akafinyanga kigae. Akabonyeza ukwato ule, akatoboa matundu matatu. Kisha akazunguka kilima cha mfalme, upande wa nyuma ambako hakuna aliyethubutu kupita na ambako alikisia siri ya mfalme imefichwa, akachuma jani la mkoma. Mkoma ulikuwa mmoja tu nyika nzima, na ulikuwa pale.

Chini ya mkoma alilala Mama Simba na watoto wake wadogo wawili.

"Umepotea njia, Sungura?" akamuuliza bila kufumbua macho yote mawili.

"Shikamoo, Mama. Sikupotea. Nimekuja kukuomba kesho adhuhuri usilale."

"Adhuhuri ndiyo saa yangu ya kulala."

"Ndiyo maana nimekuja. Kesho kuna atakayeongozwa hadi hapa na jani."

Mama Simba akafumbua jicho la pili. Sungura akamweleza yote, hata lile la aibu, la kucha. Mama Simba aliwavuta watoto wake karibu na tumbo, akanyoosha kucha zake mchangani, akazitazama kwa makini.

Asubuhi ya siku ya tatu Sungura alipeleka kigae kwa Fisi, anahema kama aliyetoka mbali.

"Mjomba Fisi, nimekuja kwa heri. Tusameheane. Angalia, nimekuletea mwandikishwa mpya. Mbuzi wa kufugwa, amepotea kutoka kwa wachungaji. Hajui nyika hata kidogo, masikini. Mnono, anatembea kwa kuyumba. Ana watoto watatu. Zamu yake ya maji ni adhuhuri, watoto atawaacha nyumbani."

Fisi akakipokea kigae, akakinusa. Akahesabu matundu kwa ncha ya ulimi: moja, mbili, tatu.

"Jani hili ni la mkoma," akasema. "Si ndiyo nyuma ya kilima cha mfalme?"

"Ndiyo. Kajificha pale bila kujua kilima ni cha nani."

Hapo akili ya Fisi ilimwambia neno moja, na tumbo likamwambia maneno kumi. Akacheka kile kicheko chake. "Msalimie sana huyo mbuzi," akasema, akamsindikiza Sungura mpaka nje kwa adabu asiyokuwa nayo siku zote.

Jua lilipofika utosini Fisi alikuwa ananyata nyuma ya kilima. Mdomoni alishika kigae, asije akasahau alama. Na kwapani, maana alipenda kula vizuri, alibana jiwe la chumvi.

Aliona majani ya mkoma. Akaona kitu kidogo chenye manyoya kikicheza kivulini. Akaweka chumvi chini. Akajilamba.

Alichokiona baada ya hapo ni anga, kisha ardhi, kisha anga tena.

Mama Simba alimburuta kwa ngozi ya shingo mpaka penye baraza, na kila alipopita wanyama walimfuata nyuma, hata waliokuwa kwenye foleni ya maji. Akamwaga mbele ya jiwe: Fisi, kigae, chumvi.

"Nimemkuta kwa wanao," akamwambia Simba.

Fisi akajikung'uta. "Mfalme, kuna kutoelewana kidogo. Mimi ni Msajili. Nilikwenda kuhakiki."

"Kuhakiki," Simba akarudia.

"Naam. Kazi ya ofisi."

"Na chumvi?"

Fisi akaitazama chumvi kama ndiyo kwanza anaiona. "Chumvi… chumvi ni ya kumkaribisha mgeni."

Nyani hawakujifanya kukohoa safari hii. Bi Kanga alicheka mpaka akasahau kwamba bado ana hasira.

Sungura akajitokeza. "Mfalme, nawe ujue kwamba kigae hicho nimekitunga mimi. Ukwato ni kibuyu. Hakuna mbuzi."

"Mmesikia!" Fisi akaruka juu. "Amekiri! Kigae cha uongo! Mwenye kosa ni yeye!"

Simba akakiokota kigae. Akakigeuza, akalitazama jani la mkoma lililokandamizwa pale, mishipa yake yote ikionekana, safi, kama njia iliyochorwa kwenda moja kwa moja walipolala wanawe. Akakaa kimya muda mrefu. Safari hii hakuwa anangoja asikilizwe.

"Kigae ni cha uongo," akasema. "Njaa iliyokifuata ni ya kweli. Fisi, usajili umekwisha. Kila asubuhi utazoa matope ya chemchemi kwa makucha yako mpaka mvua inyeshe, na mizizi ya Nungunungu utamchimbia yote, moja moja. Kunywa, utakunywa ukimaliza kazi."

Kisha akamgeukia Sungura. "Nawe unataka nini? Sheria ife?"

"Hapana, mfalme. Bila zamu tutarudi kukanyagana. Tundu libaki, tujue tuko wangapi. Unyayo ubaki. Mgeni akirudi mara ya pili tutamjua kwa unyayo, maana ataubonyeza mbele ya wote. Jani liondoke. Vigae ashike Kobe, anayekula majani tu. Na zamu za siku zikiisha vivunjwe, kesho vifinyangwe vingine. Udongo tunao mwingi." Akavuta pumzi. "Na lile la kunywa wa kwanza, naomba liondoke nalo."

Akageuka akaenda kwa Digidigi. "Siku ile nilikuwa na neno, Bi Digidigi, nikalimeza. Nisamehe."

Digidigi akamtazama, kisha akasogea kidogo ampishe. "Simama hapa. Foleni yetu ni ndefu, nawe unajua hadithi."

Siku iliyofuata Simba alikuwa wa kwanza kuja kwa Kobe. Akaletewa udongo mbichi. Akainua kiganja, akasita, akatazama kulia na kushoto kama anayetafuta kisingizio. Wanyama wote walikuwa wakimtazama, na hapakuwa na aliyecheka. Akabonyeza. Unyayo ukakaa pale, mkubwa, na kando yake matundu mawili madogo.

"Hivi ndivyo mlivyojisikia?" akauliza kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake.

"Hivyo hivyo, mfalme," Kobe akajibu, "na jani juu yake."

Wahenga walikwisha kusema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.