Mfereji wa Senkondo Peke Yake

Tajiri Senkondo alitangaza kwamba mfereji wa kijiji, ambao kila nyumba ilitunza kipande chake, sasa ni wake peke yake.

"Wote?" akauliza jirani yake, Nakijwa.

"Kila kipande!"

"Hata kipande changu?"

"Ni changu!"

"Na cha mama mkwe wangu?"

"Changu pia!"

Nakijwa akampigia vigelegele.

Siku ya kuzibua mfereji ilipita. Jioni kijiji kizima kikaingia uani kwa tajiri, kila nyumba na sufuria yake.

"Ni desturi yetu, baba," alisema Nakijwa. "Asiyezibua kipande chake, mbuzi wake analiwa. Vipande vyote ni vyako, na hujazibua hata kimoja."

Mbuzi wa kwanza alipokamatwa, Senkondo akapayuka, "Mfereji ni wa wote!"

"Rudia, baba," Nakijwa akasema, akichochea moto. "Mbuzi wanapiga kelele, hatukusikii."