Waraka Uliomweka Mkuu Nje

Hadithi iko mlangoni.
— Ifungulieni.
Ina miguu minne, haina mkia.
— Na iingie hivyo hivyo.

Hapo kale, juu ya mwamba, palikuwa na chuo. Kilikuwa chuo kidogo: walimu tisa, wafanyakazi sita, na masomo ya aina ile ambayo ukiyamaliza shangazi zako wanakuuliza, "Sasa hayo ni ya kufanyia nini?" Walifundisha mashairi, walifundisha nyota, na Daktari Korongo alifundisha falsafa akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

Lakini chuo kilikuwa na Chumba cha Kusomea, na chumba kilikuwa na dirisha, na dirishani, kila asubuhi, wingu lilijivua na mlima ukatokea. Mweupe kileleni, mkubwa kupita maneno. Hapo wote walinyamaza: walimu, wafagizi, hata Mama Kanga mpishi, ambaye hakuwahi kumnyamazia kiumbe.

Mkuu wa Chuo alikuwa Profesa Kiboko. Aliiona bustani ya mboga, akasema, "Hii inalingana na hadhi yangu." Ikawa yake. Aliuona ukumbi wa kulia, akasema, "Huu unalingana na hadhi yangu." Ukawa wake, wengine wakala barazani. Siku moja, du, du, du, akafika kwenye Chumba cha Kusomea. Hakutazama dirishani. Alipima sakafu kwa hatua.

"Hiki kinalingana na hadhi yangu. Jumatatu nahamia. Vitabu vitolewe, na dirisha lizibwe, linapitisha upepo."

Daktari Korongo akashusha mguu wa pili, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

Kwenye masjala, mafaili yanakolala, alifanya kazi Karani Pimbi, mdogo kama mkate. Mama Kanga akamwendea.

"Karani, tunazibiwa mlima nawe umekaa tu?"

"Sijakaa, mama. Naandika."

"Unaandika nini?"

"Heshima."

Pimbi alijua desturi ya Mkuu: kila waraka aliusoma mstari wa kwanza, penye vyeo vyake, kisha akapiga muhuri. Cha, cha, cha, akaenda ofisini kwake.

"Mheshimiwa Mkuu, naona haya. Wewe kuingia chumbani peke yako, kama mfagizi?"

"Kwani wakuu wengine huingiaje?"

"Hupokelewa na Kamati ya Mapokezi."

"Vyumba vyote?"

"Vyote. Au tupunguze?"

"Tupunguze kwa nini? Lete."

Mstari wa kwanza ulikuwa na vyeo kumi na kimoja. Kiboko akausoma mara mbili, kwa sauti. Muhuri ukatua: pa!

Jumatatu, du, du, du, Kiboko akaja. Chuo kizima, isipokuwa wanakamati waliokwisha kuingia ndani, kilijipanga barazani. Pimbi alisimama mlangoni na waraka wake.

"Karibu, Mheshimiwa. Naomba nisome. 'Mkuu hataingia chumba chochote mpaka apokelewe na Kamati ya Mapokezi.' Kamati hiyo imo ndani."

"Basi inipokee."

"Itakupokea kikao kikifunguliwa. 'Kikao kitafunguliwa na mwenyekiti, akiwa ndani ya chumba.'"

"Mwenyekiti ni nani?"

"Mheshimiwa, nani mwingine anastahili? Ni wewe."

Kiboko akafikiri. Alipofikiri ilisikika, kama bawaba kavu: nge, nge, nge.

"Naufuta waraka huu."

"Ni haki yako. Hufutwa kwa muhuri, na muhuri uko ofisini kwako."

"Nauendea."

"Ofisi nayo ni chumba, Mheshimiwa."

"Basi niletee."

"Muhuri hautoki ofisini. Ni agizo lako la mwaka jana."

"Miaka ishirini nafundisha hoja," alinong'ona Daktari Korongo, "sijaona iliyofunga hivi. Haina hata mwanya wa kupitisha unyoya."

Kiboko angeweza kuusukuma mlango ukalala. Lakini kuuvunja waraka wenye vyeo vyake kumi na kimoja? Hapana. Akasimama. Jua likapanda, ngozi ikamwasha. Mwishowe, du, du, du, akashuka bwawani chini ya mwamba. Chubwi! Akabaki pua na macho; wengine walikuwa wamemfuata hadi ukingoni.

Ndipo wingu likajivua.

Miaka yote Kiboko alikaa ameupa mlima mgongo. Sasa akauona. Mdomo wake ukafunguka wote, na kwa mara ya kwanza hakutia kitu.

"Karani," alisema polepole, "ule umekuwa pale tangu lini?"

"Tangu kabla ya chuo, Mheshimiwa."

Wakamsubiri aseme kwamba unalingana na hadhi yake. Hakusema. Akanyamaza pamoja nao, na Mama Kanga pia.

Mpaka leo yumo bwawani, mafaili anapelekewa huko. Hurudi yameloa, hayasomeki, na chuo kinaendeshwa vizuri sana.

Fundisho: msisome waraka mpaka mwisho, mtaharibu macho. Watiini wakubwa kwa kila neno, kama Pimbi alivyotii.

Hadithi inatoka kwa mlango ule ule.
— Tuifuate?
Mkishapokelewa na kamati.