Kitambaa cha Shingo ya Nakijwa

Sogeeni. Hadithi hii ina ugomvi ndani yake, na siwaombi radhi, maana kila nikiisimulia nakasirika upya.

Katika kijiji kimoja cha milimani, Bibi Naetwe alikuwa na macho: hata kuku akichechemea kwa jirani, yeye alijua. Mwanawe Mbonea alikuwa na mgongo na miguu, mlima kwake ulikuwa kama uwanja. Daktari Kiangi wa hospitali ya bondeni alikuwa na akili ya kusoma damu. Na Nakijwa, mkewe Mbonea na mama wa Siaeli, alikuwa na sauti. Ndiye aliyenadi mbuzi kwenye mnada wa kila Alhamisi.

Macho yakaanza. Siku wanapukuchua maharage, Bibi Naetwe akaona vidole vya mkwewe vinatetemeka, jasho linamtoka kwenye baridi ile, na shingo imejaa. Akamvuta mkono mpaka bondeni siku hiyo hiyo.

Akili ikafuata. Daktari akapima damu, akasema tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi na inaukimbiza moyo. Akampa vidonge vya kila siku na tarehe za kurudi kupimwa. Nakijwa akanawiri, akarudi mnadani.

Halafu, na hapa hata mimi simtetei, akajiona mzima akaacha vidonge bila kumwambia mtu. Mwezi wa pili tangu aviache, moyo ukaanza kumpiga vibaya, akaanguka shambani. Mvua inanyesha, barabara imekatika. Mbonea akambeba mgongoni, akateremka naye mlima mzima bila kumtua. Wangechelewa kidogo tu, wangerudi na maiti.

Alipotengemaa, daktari akamweleza njia tatu: kupasuliwa, dawa ya mionzi, au vidonge kwa miaka mingi, pengine maisha yote, huku akipimwa damu. Hakumficha hatari. Hata vidonge vina hatari yake: akipata homa na koo likimuuma, aache kila kitu akimbilie hospitali. Daktari mwenyewe alipendelea kisu, ingawa mara chache kisu huharibu sauti. Nakijwa akauliza maswali, akafikiri wiki nzima, akachagua vidonge.

Sasa sikilizeni upuuzi. Kijijini hapo aliyemponya mtu hufungwa kitambaa cheupe shingoni mbele ya ukoo, na akishafungwa, neno lake juu ya mwili wa mgonjwa halipingwi. Desturi hiyo iliwekwa kwa ajili ya mifupa iliyovunjika: mtu anaungwa, anapona, yamekwisha. Ugonjwa wa kuishi nao hakuna aliyeufikiria.

Ukoo ukakaa. Bibi Naetwe akadai kitambaa, kwani asingeona, nani angejua? Daktari, aliyealikwa kwa heshima, akasema bila kipimo chake wangekuwa bado wanatafuta mchawi. Mbonea akasema maiti hamezi vidonge. Wakabishana wee. Lakini mama na mwana walipatana kwenye jambo moja: Jumatatu Nakijwa akapasuliwe. Daktari akatazama viatu vyake.

Na mwenye shingo alikuwa amekaa pale pale! Hakuna aliyemuuliza kitu. Hasira ikampanda. Akasimama, akakitwaa kitambaa mezani.

"Mnaninadi," akasema kwa sauti ile ya mnadani. "Mnaninadi na mimi nipo. Vidonge nani anavimeza kila asubuhi? Shingo ni yangu, nitajifunga mwenyewe."

Mbonea akamjibu taratibu, macho mekundu. "Mara ya kwanza vilikuwa mikononi mwako, mama Siaeli, ukaviacha. Mgongo wangu ndio unaojua ulivyokuwa mzito. Sasa nikae nikungojee uanguke tena?"

Nakijwa akasema hilo ni kweli. Lakini kitambaa hakukiachia.

Mkuu wa ukoo akakuna kichwa. Akasema hajawahi kuona mtu akijifunga mwenyewe, ila pia hajasikia aliyekatazwa. Akawageukia waliokaa, akawauliza wao. Wakarudi kubishana, na Jumatatu inakaribia.

Mimi nawageukia nyinyi. Mwenye macho, mwenye akili, mwenye mgongo, au mwenye kumeza: kitambaa afungwe nani? Na kabla hujafungua mdomo, hebu ishike shingo yako mwenyewe kwanza.